Ardhi Kabla ya Askari: Tuliyojifunza kwa Kuchagua Uwanja wa DBA

Panga vibao 12 (vile vipande bapa vinavyobeba vinyago vya askari) vyenye upana wa sentimita 4 kila kimoja katika mstari mmoja: sentimita 48. Meza ya kawaida ya DBA, mchezo wa vita wa mezani, kwa vinyago vya milimita 15 ina sentimita 60 kila upande. Ukigawa nafasi iliyobaki unapata sentimita 6 kushoto na 6 kulia, basi. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayoamua michezo mingi kabla dadu la kwanza la vita halijarushwa, na ndiyo ambayo wachezaji wengi huikumbuka wakiwa wameshachelewa, pale msitu wa upana wa sentimita 20 unapokuwa umeshakaa katikati ya meza.

DBA, yaani De Bellis Antiquitatis, ni kanuni za vita vya kale na vya zama za kati zilizotolewa na Wargames Research Group ya Uingereza mwaka 1990. Kila upande una vibao 12 tu vya askari, na meza ni ndogo ya kutosha kukaa juu ya meza ya chakula. Ufinyu huo ndio unaoipa ardhi uzito. Katika michezo yenye vinyago mia mbili unaweza kuukwepa msitu ukaendelea na safari yako. Hapa msitu mmoja unakula theluthi ya upana wa uwanja. Tunayoyaeleza yanafuata toleo la 3.0. Wanaotumia la 2.2 watakuta tofauti hapa na pale, lakini mantiki ni ileile.

Kwanza, nani anachagua. Kila jeshi katika orodha lina namba ya ukali, kuanzia 0 hadi 4. Kila mchezaji anarusha dadu moja na kuongeza namba yake. Mkubwa ni mvamizi, mdogo ni mtetezi, na zikilingana mnarusha tena. Mtetezi ndiye anayeweka ardhi, na anaiweka kwa kufuata nchi ya nyumbani kwa jeshi lake: mashamba, misitu, milima, nyika, ukame, tropiki au pwani. Kwa hiyo kuchagua ardhi kunaanza siku unayochagua jeshi. Jeshi lenye ukali 0 likikutana na lenye ukali 4, dadu zikihesabiwa zote, lenye 0 linakuwa mvamizi mara 1 tu kati ya 34 zisizo sare. Tofauti ikiwa ya namba moja tu, mwenye ukali mdogo bado anavamia karibu mara moja kati ya tatu. Anayenunua jeshi la wapanda farasi wa nyika lenye ukali mkubwa, kisha akatumia jioni nzima kuchora uwanja anaoutamani, anapoteza muda. Mara nyingi atapigana kwenye misitu na mashamba ya watu wengine, na afadhali ajifunze kuishi humo.

Pili, mtetezi hapati kila anachotaka. Kila kipande cha ardhi kinarushiwa dadu. Ikitoka 1 hadi 4, dadu limeshataja robo ya meza ambamo kipande kitakaa. Ikitoka 5, mtetezi anachagua robo. Ikitoka 6, mvamizi ndiye anayechagua. Maana yake, kwa kila kipande una nafasi moja tu kati ya sita ya kuchagua robo mwenyewe, na adui ana nafasi sawa na yako. Hapo ndipo wengi wanapochemka. Wanapanga uwanja kichwani, msitu huu hapa, kilima kile pale, na mpango wote unategemea kipande kimoja kukaa kona fulani. Dadu likiutupa msitu robo ya pili, wamejipalia makaa kwa mikono yao.

Njia iliyotusaidia ni kuuliza swali moja kwa kila kipande kabla ya kukichagua: kikiangukia robo mbaya kuliko zote, bado naweza kupigana? Jibu likiwa hapana, chagua kipande kidogo zaidi au cha aina nyingine. Ndani ya robo bado una uhuru wa kukisogeza, na uhuru huo una thamani kuliko unavyodhaniwa. Msitu uleule ukisukumwa kuelekea ukingo wa meza unakuwa ukuta wa ubavu wako. Ukivutwa kuelekea kitovu unakuwa mwiba katikati ya mstari.

Sasa tuingie msituni wenyewe, maana huko ndiko namba zinakosema wazi. Kanuni ya msingi ni kwamba katika ardhi mbaya (msitu, kinamasi, kilima kigumu) askari wa safu nene na wapanda farasi hupunguziwa 2 katika mapambano. Askari wepesi, wapiga mishale, watupaji wa mawe na mikuki, na wale wapiganaji wa mashambulizi ya ghafla kama Wagali na Wajerumani wa kale, hawapunguziwi kitu.

Chukua kibao cha mikuki dhidi ya kibao cha askari wepesi. Mikuki ina nguvu 4 dhidi ya watembea kwa miguu, wepesi wana 3. Kila upande unaongeza dadu moja. Katika uwanja wazi, tukiacha ile 1 ya ziada ambayo mikuki huipata kwa kusimama bega kwa bega, mikuki inashinda mara 21 kati ya 36, wepesi mara 10, sare 5. Ingia msituni: mikuki inashuka hadi 2, na namba zinageuka kama kioo. Wepesi wanashinda mara 21, mikuki 10. Ila lililofichika ni hili: kibao hufa mara moja kama jumla yake ni nusu ya jumla ya adui au chini ya hapo. Uwanjani wazi, mmoja kwa mmoja, wepesi hawawezi kabisa kuifikisha mikuki kwenye nusu. Hakuna mchanganyiko wa dadu unaotoa matokeo hayo. Msituni inatokea mara 6 kati ya 36. Yaani kutoka kamwe hadi mara moja katika sita, kwa kuvuka tu mstari wa miti.

Dhidi ya Wajerumani hali ni mbaya zaidi, kwa sababu wao wakiishinda mikuki au panga huiua, hata kama si kwa nusu. Panga za Kirumi zina nguvu 5 dhidi ya watembea kwa miguu. Mjerumani mwenye 3 anamshinda Mrumi uwanjani wazi mara 6 kati ya 36. Msituni panga zinabaki na 3, na Mjerumani anashinda mara 15 kati ya 36, na kila ushindi ni kibao kimoja cha Kirumi mezani pa wafu. Vita ya DBA inaisha mmoja akipoteza vibao 4 na mwenzake akiwa amepoteza vichache kuliko hivyo. Ukiwa na mapambano matatu ya namna hiyo kwa zamu mbili, Varus, jemadari wa Kirumi aliyeangamizwa na Wajerumani mwaka 9 baada ya Kristo katika msitu wa Teutoburg, anakuwa jirani yako.

Sarisa, ile mikuki mirefu ya Kimakedonia, ndiyo inayoumia kuliko wote. Nguvu yake ni 3 dhidi ya watembea kwa miguu, na inaongezewa 3 ikiwa na kibao kingine cha sarisa nyuma yake: 6, kubwa kuliko ya panga. Lakini msaada huo wa nyuma haupo katika ardhi mbaya, na juu yake unatoa 2. Kutoka 6 unabaki na 1. Polybius, mwanahistoria Mgiriki, aliliandika jambo hili karne ya pili kabla ya Kristo, kwamba safu ya sarisa inahitaji uwanja tambarare usio na mitaro, makorongo wala miinuko, na kwamba kupata hata stadi 20 (kipimo cha kale cha urefu cha Kigiriki) za ardhi ya namna hiyo ni shida. Katika vita ya Pydna mwaka 168 kabla ya Kristo safu ya Wamakedonia ilipofika ardhi isiyo sawa ikaachana, na Warumi wakaingia kwenye mianya.

Mtu akisoma hayo anaweza kudhani jeshi la sarisa lichague uwanja mtupu kabisa. Hapana. Vibao 6 vya sarisa vikipangwa viwili viwili vina upana wa vibao 3 tu, sentimita 12. Jeshi hilo halihitaji uwanja mpana. Linahitaji njia moja safi ya sentimita 20 hivi, na pande zote mbili za njia hiyo lingependa kuona kitu ambacho wapanda farasi wa adui hawawezi kupita kwa kasi. Jeshi la mikuki ya Wagiriki lenye vibao 10 vya mikuki ndilo lenye shida ya upana: mstari wake ni sentimita 40. Misitu miwili ya sentimita 20, mmoja kila ubavu, inamwachia Mgiriki sentimita 20 katikati, nafasi ya vibao 5. Vingine 5 vitasimama nyuma vikiangalia. Kwa hiyo Mgiriki achague vilima laini, ambavyo ni ardhi nzuri na humpa 1 zaidi aliye juu, na misitu midogo kadiri inavyoruhusiwa. Wa sarisa anaweza kukubali misitu mikubwa. Majeshi mawili ya mikuki, mahitaji mawili tofauti kabisa, na tofauti yenyewe ni sentimita tu.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye jedwali la nguvu, nayo ni nukta za amri. Kila zamu unarusha dadu moja, na kila nukta inasogeza kibao kimoja au kundi moja. Kundi haliwezi kuingia ardhi mbaya likiwa limetanuka. Linaingia kwa safu ya kibao kimoja kimoja. Fikiria mstari wa vibao 10 unaokabili msitu ulioko katikati. Kabla ya msitu, nukta moja inausogeza mstari mzima. Ukiufikia, unakatika: kundi la kushoto, kundi la kulia, na wale wa katikati ama wasimame ama waingie kwa safu. Sasa unahitaji nukta 3 kufanya kazi iliyofanywa na 1. Dadu linatoa 1 au 2 mara moja kati ya tatu. Yaani katika kila zamu tatu, moja inakukuta huwezi kusogeza vyote. Na jemadari wako, anayeamuru bila gharama ya ziada umbali wa vibao 8 kwa wanaoonekana, anabaki na vibao 4 tu kwa walioko nyuma ya msitu au ng'ambo ya kilele cha kilima. Ubavu mmoja unaenda, mwingine unalala.

Ndiyo maana tunasema msitu wa katikati ni silaha ya mtu mwenye makundi madogo madogo dhidi ya mwenye mstari mmoja mrefu, hata kama hakuna askari hata mmoja anayeingia ndani ya msitu huo. Mchezaji wa Wabritoni wa kale au Wathrakia akiona Warumi au Wagiriki ng'ambo, na dadu likimpa 5, aweke msitu katikati bila kusita. Akiwa na wapiga mishale, hata zaidi: adui anayeuzunguka msitu anakula mishale zamu mbili au tatu za ziada.

Wapanda farasi nao wana sheria yao, fupi na kali. Wakishindwa wakiwa katika ardhi mbaya, wanakufa. Hakuna kurudi nyuma. Wapanda farasi wazito dhidi ya panga uwanjani wazi ni mapambano ya 3 kwa 3, ushindi mara 15 kati ya 36 kwa kila upande. Ila ushindi wa farasi unaua panga, na ushindi wa panga kwa kawaida unamrudisha farasi tu. Mwenye farasi wazito anataka biashara hiyo irudiwe mara nyingi iwezekanavyo, kwenye ardhi safi. Kwa majeshi ya nyika, Waparthi na Waskithia na Wamongolia, mkakati wa ardhi hauhitaji maelezo marefu: vipande vichache vinavyoruhusiwa, vidogo vinavyoruhusiwa, vilima laini badala ya vigumu kila inapowezekana, vyote visukumwe kando. Vita ya Carrhae, mwaka 53 kabla ya Kristo, ilipiganwa kwenye uwanda wazi ambako Crassus, jemadari wa Kirumi, hakuwa na pa kuegemeza ubavu dhidi ya Waparthi.

Mto unastahili onyo. Wanaoanza wanaupenda kwa sababu unaonekana kama ngome. Lakini aina ya mto haijulikani mpaka kibao cha kwanza kiingie majini na dadu lirushwe, na inaweza kutoka kwamba ni kijito cha kupita kwa miguu bila kizuizi chochote. Aliyeegemeza mpango wote kwenye mto huo amenunua mbuzi kwenye gunia. Ukiutumia, utumie kama kitu cha kumchelewesha adui katika mawazo yake, si cha kumzuia. Shamba lililolimwa ni hivyohivyo kwa udogo wake: hubaki ardhi nzuri likiwa kavu, huharibika likiloa, na kuloa kwake kunategemea dadu. Kwa mwenye nchi ya mashamba anayehitaji uwanja wazi, shamba ndilo kipande cha lazima kisichouma sana. Ila aikumbuke vita ya Agincourt ya 1415, ambako wapanda farasi wa Ufaransa walikwama kwenye udongo uliolimwa na kuloa, kati ya misitu miwili.

Kwa mvamizi kazi ni ya kusoma, si ya kuchagua. Mtetezi anapanga askari kwanza, wewe wa pili, na wewe ndiye unayeanza kusogea. Kabla hajapanga, pima kwa rula. Pima njia safi pana kuliko zote iliyopo mezani, gawanya kwa 4, na jibu ni idadi ya vibao vitakavyopigana bega kwa bega siku hiyo. Ikiwa ni 5 na jeshi lako lina vibao 9 vizito, vinne vipe kazi ya pili mapema: akiba nyuma ya mstari, si kusukumwa msituni kwa kukosa nafasi. Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote ni hilo, kibao cha mwisho cha mstari kuachwa nusu msituni kwa sababu mstari haukutosha. Kibao hicho ndicho kinachokufa kwanza, kisha jirani yake anabaki na ubavu wazi na kupunguziwa 1, na mnyororo unaanza.

Dadu likitoa 6, usikimbilie kuhamisha kipande kiende mbali nawe. Mara nyingi ni bora kukirundika katika robo ambayo tayari ina kipande kingine. Vipande vinatakiwa kuachana kwa nafasi, hivyo robo iliyojaa inaweza kukosa mahali pa kukipokea, na kisichotosha kinatupwa nje ya mchezo. Kumwondolea mtetezi msitu wake mkubwa kwa njia hiyo ni halali kabisa, ingawa nyuso hukunjamana.

Vipande vyenyewe vitengenezwe kwa ajili ya mchezo huu, vile vya maonyesho havifai. Ukubwa unaotumika vizuri kwa msitu ni takriban sentimita 20 kwa 16, umbo la yai. Epuka ghuba na pembe: kingo zilizoingia ndani huzaa ubishi kila kibao kinapogusa. Kata kitako kwenye MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizokandamizwa) ya milimita 3 na kisugue kingo mpaka ziwe nyembamba kama ukucha, la sivyo vibao vinayumba na mikuki ya vinyago, ambayo ni ya madini ya risasi, inapinda. Miti usiigundishe kwenye kitako hicho. Ibandike mitatu mitatu kwenye vitako vidogo vyake, ili ikitakiwa kuingiza askari unaitoa miti na kuacha kitako kikionyesha mpaka wa msitu. Vilima ndivyo vinavyosumbua: kibao chenye kina cha sentimita 2 na farasi wa risasi juu yake huteleza mteremko ukizidi kidogo tu, kwa hiyo panua kitako cha kilima badala ya kukiongeza urefu, na juu weka mchanga mwembamba au felti ya kushikilia. Chora kilele kwa mstari mwembamba wa rangi tofauti. Kilele kinaamua nani anaonekana na jemadari, na kilele kisichochorwa ni ugomvi unaosubiri zamu yake.

Kabla ya kutengeneza chochote, kata maumbo hayo kwenye karatasi ya manila: misitu miwili ya ukubwa tofauti, vilima viwili, kinamasi, shamba. Chora mraba wa sentimita 60 sakafuni kwa chaki. Rusha dadu, weka vipande, kisha panga vibao vitupu vya jeshi lako bila adui, pima njia safi, andika namba. Rudia mara kumi kwa mchanganyiko mmoja wa vipande, halafu badilisha kipande kimoja tu na urudie kumi nyingine. Inachukua saa moja hivi. Tazama ile namba ndogo kuliko zote kwenye karatasi yako, siyo wastani. Mchanganyiko ambao namba yake ndogo bado inatosha mstari wako ndio wa kubeba kwenye sanduku.

Na kabla ya dadu la ukali, kubalianeni na mwenzako mambo mawili kwa sauti: ukingo wa msitu ni ukingo wa kitako au wa majani, na kibao kilichogusa kwa pembe moja kimeingia au hakijaingia. Mkishaanza vita, kila jibu litakuwa na mwenye faida nalo.